Karatasi ya Ukutani Haibadili Nyumba

Kila mmoja wetu amekwisha kuiona karatasi ya namna hii. Imebandikwa ukutani katika ofisi ya chama cha ushirika, au shuleni, au katika zahanati. Imeandikwa kwa herufi kubwa: "Tangu leo kila mfanyakazi atafanya hivi na hivi." Siku ya kwanza wote husimama kuisoma. Mwezi wa pili imeshika vumbi. Mwezi wa sita kona moja imejikunja, na mtu ameandika juu yake hesabu ya magunia. Kazi yaendelea vile vile kama zamani, naye mkubwa aliyeileta karatasi husema, "Watu hawa ni wakaidi."

Juma hili nataka tulitazame jambo hilo vizuri. Je, ni kweli kwamba watu ni wakaidi? Au karatasi ililetwa vibaya? Nitawapeni habari za hospitali, kwa sababu mbili. Kwanza, huko desturi mbaya huua, na desturi njema huokoa. Si jambo la mchezo. Pili, watu wa hospitali wamehesabu kwa uangalifu mkubwa, na hesabu zao zaonyesha wazi ni lini desturi mpya hushika mizizi na ni lini hunyauka.

Tuanze na Marekani. Katika mji wa Baltimore iko hospitali kubwa iitwayo Johns Hopkins. Mwaka 2001 daktari mmoja wa hapo, Peter Pronovost, aliutazama ugonjwa mmoja uliowasumbua sana. Mgonjwa mahututi mara nyingi hutiwa mpira mwembamba katika mshipa mkubwa wa damu, apate dawa upesi. Lakini vijidudu vikiingia na mpira ule, damu yote huchafuka, na wengi hufa. Basi Pronovost akaandika mambo matano tu katika karatasi moja. Kunawa mikono. Kuisafisha ngozi ya mgonjwa kwa dawa iitwayo klorheksidini. Kumfunika mgonjwa mwili mzima kwa shuka safi, na daktari naye kuvaa barakoa, kofia, joho na glavu. Kutopitisha mpira kwenye paja ikiwa yawezekana. Na kuuondoa mpira mara usipohitajiwa tena.

Labda mtasema, "Mambo haya hata mtoto wa shule ayajua." Ni kweli, na kila daktari aliyajua. Lakini wauguzi walipoombwa watazame kimya kimya kwa muda wa mwezi mmoja, waliona kwamba kwa zaidi ya theluthi moja ya wagonjwa daktari aliruka walau jambo moja. Hawakuwa watu wabaya wala wajinga. Walikuwa na haraka na wamechoka, nayo mazoea yana taabu: jambo ulifanyalo kila siku ndilo usilolitazama.

Sasa angalieni yaliyofuata. Wakubwa wa hospitali waliwapa wauguzi ruhusa: muuguzi akiona daktari ameruka jambo, amzuie, naye akizuia, wakubwa watamtetea. Jambo hili lilikuwa geni. Katika hospitali nyingi, kama katika nyumba nyingi, mdogo hamsahihishi mkubwa. Lakini ruhusa ilipotolewa mbele ya watu wote, ugonjwa ule ulipungua sana.

Baadaye hospitali za jimbo la Michigan zikataka kufanya vivyo hivyo. Hazikupelekewa karatasi tu. Kila chumba cha wagonjwa mahututi kilichagua viongozi wake, daktari mmoja na muuguzi mmoja. Viongozi hao walizungumza kwa simu kila baada ya majuma mawili, na mara mbili kwa mwaka walikutana ana kwa ana, hospitali zote pamoja. Huko walielezana lililowezekana na lililowashinda. Vyombo vyote vinavyotakiwa viliwekwa katika kigari kimoja, mtu asipate kusema, "Sikukiona." Tena ilionekana kwamba katika vyumba vingi dawa ile ya kusafishia ngozi haikuwapo karibu, ndipo wakubwa, ambao wana funguo za fedha, wakaiagiza. Habari zao zilipochapishwa mwezi wa Desemba 2006, vyumba 103 vilikuwa vimeleta hesabu. Kabla ya kazi ile, chumba cha katikati katika hesabu hiyo kilipata wagonjwa karibu 3 wa damu chafu katika kila siku 1,000 za mpira. Baada ya miezi mitatu kikapata sifuri.

Pengine msomaji atasema, "Hao ni matajiri, sisi yatuhusu nini?" Ngojeni kidogo, maana sasa twafika kwetu.

Shirika la Afya la Dunia lilitaka kujua kama njia hiyo ya karatasi yaweza kuwalinda watu wanaopasuliwa. Bwana Atul Gawande, daktari mpasuaji wa Boston, aliongoza kazi hiyo. Wakaandika karatasi yenye mambo 19, na ya kusomwa kwa sauti mara tatu: kabla ya kutia nusukaputi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Ndani yake kuna maulizo kama haya: Mgonjwa huyu ni nani? Apasuliwe wapi, na mahali pake pametiwa alama? Iko dawa imdhuruyo? Amepewa dawa ya kuzuia vijidudu kwa wakati wake? Na mwishoni: Sindano, vyombo na shashi zimehesabiwa, nazo zimetimia? Tena kila aliyemo chumbani ataje jina lake na kazi yake, hata yule mdogo kabisa.

Karatasi hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane za miji minane: Toronto, London, Seattle, Auckland, Amman, New Delhi, Manila, na Ifakara. Naam, Ifakara yetu ya bonde la Kilombero, katika hospitali ya Mtakatifu Fransisko, ambayo wengi wenu mwaijua kwa sababu ni hospitali ya Kanisa. Kazi ilianza Oktoba 2007 ikaisha Septemba 2008. Waliwahesabu wagonjwa 3,733 kabla ya karatasi na 3,955 baada yake. Hapo kwanza, katika kila wagonjwa 1,000 waliopasuliwa, 15 walikufa. Baadaye wakafa 8. Waliopata madhara makubwa walikuwa 110 katika kila 1,000. Wakapungua kuwa 70. Hesabu hiyo ni ya hospitali zote nane kwa pamoja. Basi wauguzi na madaktari wa Ifakara wamo miongoni mwa watu walioifundisha dunia jambo hili, na yafaa watoto wetu walijue.

Lakini sasa sikilizeni upande wa pili, maana hapo ndipo penye fundisho.

Habari ya hospitali nane ilipoenea, serikali nyingi zilisema, "Kumbe, dawa ni karatasi!" Katika jimbo la Ontario, huko Kanada, iliamriwa kwamba tangu Julai 2010 kila hospitali itangaze ni mara ngapi yaitumia. Hospitali karibu zote zikatangaza kwamba zaitumia karibu kila mara. Amri ilitimizwa. Lakini wataalamu walipochunguza hospitali 101, wakaandika mwaka 2014 kwamba hawakuona nafuu ya kweli. Kabla ya amri, wagonjwa 71 walikufa katika kila 10,000. Baada yake wakafa 65. Tofauti hiyo ni ndogo hata haikuweza kutengwa na bahati tu.

Karatasi ni ile ile. Ilisaidia Ifakara na wenzake. Kwa nini haikusaidia Ontario? Wengine husema walichunguza upesi mno, miezi mitatu tu kabla na mitatu baada, na wana haki kusema hivyo. Lakini iko sababu nyingine, na kila mtu aliyewahi kufanya kazi chini ya mkubwa aijua. Mtu akiamriwa kutia alama katika karatasi, atatia alama. Kalamu ni nyepesi. Kutia alama kwamba tumeulizana si sawa na kuulizana.

Tuipime sababu hiyo kwa habari ya jimbo la South Carolina, Marekani. Huko hospitali zote zilialikwa, hazikulazimishwa. Zilipewa mafunzo ya hatua 12, na watu wake walijifunza pamoja: namna ya kuibadili karatasi ifae nyumba yao, namna ya kuijaribu kwanza na kundi dogo, namna ya kutazamana kazini na kusahihishana bila matusi. Hospitali 14 zilizimaliza hatua zote. Mwaka 2010, katika hospitali hizo, wagonjwa 34 hivi katika kila 1,000 walikufa kabla ya kutimia siku 30 tangu kupasuliwa. Mwaka 2013 wakawa 28. Katika hospitali nyingine za jimbo lile lile idadi haikupungua. Ilipanda kidogo, kutoka 35 hata 37. Habari hizo zilichapishwa mwaka 2017.

Nisiwadanganye: hospitali zilizojitolea na kuvumilia mpaka mwisho yamkini zilikuwa na ari tangu mwanzo. Mkulima mwenye bidii huvuna zaidi hata kwa jembe la zamani. Lakini ukiziweka habari za Michigan, Ontario na South Carolina pamoja, utaona kitu kimoja kikijirudia. Palipokuwa na karatasi na amri tu, nafuu ilikuwa haba. Palipokuwa na karatasi pamoja na watu wa kazi moja wanaokutana na kufundishana, watu walipona.

Basi, ni mambo gani hasa waliyokuwa nayo wale waliofaulu? Mimi nayaona manne.

La kwanza, walikutana watu wa kazi moja. Muuguzi alimsikia muuguzi. Mtu aliyetumwa na makao makuu hata akisema vizuri, moyoni twasema, "Huyu hajui shida zetu." Lakini mwenzako mwenye zamu ya usiku kama wewe, mwenye wagonjwa wengi na taa moja kama wewe, akikuambia, "Sisi tulifanya hivi, ikawezekana," huna tena la kujibu.

La pili, waliambiana hata yaliyowashinda. Mkutano wa kusifiana haufundishi kitu. Anayesema, "Kwetu madaktari wawili walikataa, nasi tukafanya hivi," huyo ndiye mwenye mali ya kuwagawia wenzake.

La tatu, mkubwa aliingia mwenyewe, na mdogo alipewa kinywa. Mambo haya mawili huenda pamoja. Mdogo hawezi kujitwalia ruhusa ya kumzuia mkubwa. Lazima mkubwa aitoe, aitoe hadharani, na siku ya kuzuiwa yeye mwenyewe asikunje uso. Akikunja uso mara moja tu, ruhusa imekufa, na hakuna atakayethubutu tena.

La nne, walihesabu kwa haki. Hawakuhesabu alama za kalamu; walihesabu wagonjwa waliokufa na waliopona. Tena walihesabu kabla ya kuanza. Usipojua ulivuna magunia mangapi mwaka jana, utajuaje kama mbegu mpya ni njema?

Mfano mwingine watoka Mbeya. Wajapani walianzisha katika viwanda vyao utaratibu wa kupanga mahali pa kazi, wenye hatua tano. Hospitali moja ya akina mama katika mji wa Colombo, nchi ya Sri Lanka, iliuchukua ikautumia kwa wagonjwa. Mwaka 2007 hospitali ya rufaa ya Mbeya ikauanza kwa kujifunza kutoka huko, kwa msaada wa Wajapani, na kutoka Mbeya ukaenea katika hospitali nyingine za Tanzania. Hatua zile zimepata majina ya Kiswahili: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Yaani, toa usivyohitaji, kila kitu kiwe na mahali pake, safisha, wote wafuate utaratibu mmoja, na usiache. Ona jinsi jambo hilo lilivyosafiri: kutoka kiwandani hata wodini, kutoka kisiwa cha Sri Lanka hata milima ya Mbeya. Halikusafiri kwa barua ya amri. Hospitali ilijifunza kwa hospitali. Na katika hatua hizo tano, ile ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote. Kusafisha ghala siku moja kila mtu aweza. Shikilia ndiyo kazi.

Sasa, ndugu msomaji, wewe ukaaye kijijini ufanye nini na habari hizi?

Kwanza, siku utakapopelekwa hospitali kupasuliwa, au mke wako akipelekwa ili mtoto atolewe kwa kisu, usikasirike mkiulizwa jina mara tatu na watu watatu. Hawakusahau, wala hawakudharau. Wanawalinda. Jibuni kila mara kwa utulivu. Semeni wazi kama iko dawa iliyowahi kuwadhuru. Na kama hamkuulizwa kitu, ulizeni ninyi, kwa adabu: "Bwana daktari, atapasuliwa upande gani?" Kuuliza si ujinga. Daktari mwema hatachukia.

Pili, wengi wenu ni viongozi mahali fulani. Uko katika halmashauri ya shule, au ya maji, au ya ushirika, au ya parokia. Siku moja utataka kuleta utaratibu mpya: mizani ipimwe kila asubuhi mbele ya wakulima, mathalani, au fedha za kisima zihesabiwe na watu wawili. Usianze na karatasi. Anza kwa kutafuta kijiji cha jirani ambacho kimekwisha jaribu. Wapeleke watu wako watatu, na mmoja wao awe yule anayepinga zaidi, ili aone kwa macho yake. Wakirudi, jaribuni na kundi dogo kwa mwezi mmoja. Hesabuni. Rekebisheni. Ndipo mwandike karatasi, nayo itakuwa imeandika jambo ambalo watu wamekwisha kulifanya. Karatasi ya namna hiyo hata ikishika vumbi haidhuru, kwa sababu desturi imekwisha kaa mikononi.

Tatu, nasema na ninyi wenye kazi moja: walimu, wauguzi wa zahanati, makatibu wa ushirika, na sisi makarani. Mara nyingi kila mmoja wetu huangaika peke yake na tabu ambayo jirani yake aliimaliza mwaka juzi. Karani mmoja ana namna ya kupanga vitabu vya ubatizo hata cheti chapatikana kwa dakika tano. Mwenzake, parokia ya pili, atafuta siku nzima na mwenye harusi amesimama mlangoni. Mwalimu mmoja amegundua namna ya kufundisha kusoma darasa la watoto tisini; mwenzake ng'ambo ya mto alia. Hakuna siri hapo, ila hawajakaa pamoja. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kukutana hakuhitaji fedha nyingi. Watu sita wa kazi moja, mara moja kila miezi mitatu, chini ya mwembe au kwa simu. Kila mmoja alete mambo mawili tu: moja lililomwendea vizuri, na moja lililomshinda. Asiyeleta la pili asiruhusiwe kueleza la kwanza. Na yule mdogo kuliko wote aanze kusema, maana mkubwa akianza, wadogo watasema tu "ndiyo, bwana."

Katika wagonjwa 1,000 wa zile hospitali nane, saba ambao wangalikufa walirudi nyumbani kwao. Hakikuvumbuliwa chombo kipya, wala dawa mpya. Watu waliokuwa wakifanya kazi katika chumba kimoja walijifunza kutajiana majina na kuulizana. Basi kabla ya kumwita jirani mkaidi, jiulize kwanza: je, nilimpelekea karatasi, au niliketi naye?

Kazi njema kwenu nyote. Tutazungumza tena juma lijalo.